Kutoka Kupanda hadi Kuingia: Historia Fupi ya Tramu ya Sakafu ya Chini

Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kujifunza Kiswahili hukutana mapema na kitenzi "panda". Hufundishwa kwamba mkulima hupanda mbegu, na kwamba mtu hupanda mti, hupanda mlima na hupanda basi. La mbegu tuliache, maana mwalimu atalieleza kwa wakati wake. Lakini mti, mlima na basi vimewekwa pamoja kwa sababu iliyo wazi: vyote vitatu humtaka mtu anyanyue mguu na kujivuta juu. Ndugu zetu wanaosema Luganda hutumia kitenzi okulinnya kwa mlima na kwa gari pia. Mfaransa naye husema monter kwa ngazi na kwa treni. Lugha hizi, bila kushauriana, zimekubaliana kwamba chombo cha usafiri ni kitu cha juu, na anayetaka kusafiri sharti akipande.

Je, asiyeweza kunyanyua mguu afanye nini? Nani kati yetu hajaona, katika stendi zetu, kondakta akimshika mkono bibi mzee na kumvuta ndani, huku abiria mwingine akimsukuma kwa nyuma? Nani hajaona kijana mwenye magongo akiachwa na gari la tatu na la nne kwa kuwa dereva ana haraka? Swali hilo hilo, likiulizwa katika mji mmoja wa Ufaransa miaka zaidi ya 40 iliyopita, ndilo lililochangia kuzaliwa kwa chombo ambacho makala haya yanakizungumzia, yaani tramu ya sakafu ya chini.

Kwa kuwa Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi hazina tramu, inafaa tuanze kwa kueleza neno lenyewe. Tramu ni gari la abiria linaloendeshwa kwa umeme juu ya reli zilizolazwa barabarani, likipita katikati ya watu, baiskeli na motokaa. Si treni ya kwenda mbali, na si basi. Sakafu ya chini hapa haina maana ya ghorofa ya chini ya nyumba. Ni sakafu ya gari iliyoshushwa hadi ikakaribiana na kimo cha jukwaa la kituo, hata abiria akaingia kama anavyoingia chumbani.

Makala haya yana hoja moja. Sakafu hii haikushushwa na mafundi kwa hiari yao. Ilishushwa kwa madai ya watu. Na gari hili lilipoanza kuuzwa nchi za nje, mnunuzi aliweza kulisafirisha kwa meli, lakini mambo yanayolifanya liwe na faida ilimbidi ayatengeneze mwenyewe nyumbani kwake.

Tramu zilivyofukuzwa mijini na zilivyorudi

Mwanzoni mwa karne ya 20 zaidi ya miji 100 ya Ufaransa ilikuwa na tramu. Baadaye mabasi na motokaa za watu binafsi zikaja kwa wingi, na tramu zikaonekana kuwa kizuizi barabarani. Paris ilifunga njia zake za mwisho za tramu ya kale mwaka 1938, Grenoble mwaka 1952 na Nantes mwaka 1958. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1960, miji iliyobaki na tramu ilikuwa mitatu tu: Lille, Marseille na Saint-Étienne.

Kisha ukaja mwaka 1973 na bei ya mafuta ikapanda ghafla. Serikali ya Ufaransa ikaanza kujiuliza kama mji unaweza kuishi kwa petroli peke yake. Mwaka 1975 Marcel Cavaillé, aliyekuwa na dhamana ya uchukuzi serikalini, aliiandikia miji 8, ikiwemo Bordeaux, Strasbourg, Nice na Grenoble, akiitaka ichunguze uwezekano wa kujenga tramu za kisasa. Lengo lilikuwa kubuni gari moja sanifu ambalo miji yote ingelitumia. Gari hilo liliitwa kwa Kifaransa Tramway français standard, na kwa kifupi TFS.

Mji wa kwanza kujenga njia mpya haukuwamo katika orodha ya miji hiyo 8. Ulikuwa Nantes, ulioanza kuchukua abiria Januari 1985. Meya Alain Chénard, aliyeupigania mradi, alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1983 kabla hajaiona tramu yake ikitembea. Waliomshinda hawakuipenda, lakini kazi ilikuwa imefika mbali mno kusimamishwa. Leo Nantes hutajwa kama mji uliorudisha tramu Ufaransa.

Hata hivyo, gari la Nantes lilikuwa la kisasa kwa injini na kwa sura, lakini milango yake ilikuwa ya zamani. Sakafu yake ilikuwa zaidi ya sentimita 80 juu ya reli. Abiria alifungua mlango akakutana na ngazi. Kitenzi kilikuwa bado ni kilekile: kupanda.

Grenoble: madai ya wasioweza kupanda

Grenoble ni mji ulio katika bonde, umezungukwa na milima ya Alps. Huko, tangu miaka ya 1970, watu wenye ulemavu walikuwa wamejipanga katika vyama na walikuwa wakidai nafasi yao katika mji: njia za waendao kwa miguu zisizo na vizuizi, majengo ya umma yenye kuingilika, na usafiri wanaoweza kuutumia. Mji ulipoanza kupanga tramu, vyama hivyo vilisimama na kusema kwamba gari lenye ngazi halikubaliki.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Tramu hujengwa kwa fedha za umma, na reli ikishalazwa hukaa miongo mingi. Anayefungiwa nje siku ya uzinduzi atakuwa amefungiwa nje maisha yake yote. Tena ngazi haimzuii mwenye kiti cha magurudumu peke yake. Humsumbua mzee, mama mjamzito, mzazi mwenye kigari cha mtoto, aliyevunjika mguu juzi, na hata mwenye mzigo wa sokoni.

Mradi wenyewe ulikuwa mashakani. Mwaka 1983 Grenoble nayo ilibadilisha meya. Hubert Dubedout aliondoka, Alain Carignon akaingia. Meya mpya aliamua kuwauliza wananchi. Katika kura ya maoni ya Juni mwaka huo, waliotaka tramu walipita kwa asilimia kama 53. Tramu ikapona. Lakini gari la Nantes halikufaa tena, na ilibidi kampuni ya Alsthom irudi mezani na kuchora gari jipya, ambalo sakafu yake ingefikika moja kwa moja kutoka jukwaani.

Tusije tukaidhulumu Uswisi. Katika miaka hiyohiyo, kampuni moja ya mji wa Vevey ilijenga gari la majaribio kwa ajili ya Geneva, mwaka 1984, lenye sakafu ya chini kwa sehemu kubwa ya urefu wake. Wazo lilikuwa hewani. Lakini Grenoble ndiko ambako mtandao mzima, yaani magari, vituo na njia, ulipangwa tangu mwanzo kwa ajili ya yule asiyeweza kupanda. Njia yake ya kwanza ilifunguliwa Septemba 1987.

Fundi alifanya nini?

Kwa nini sakafu ilikuwa juu tangu zamani? Jibu liko chini ya gari. Tramu ya kale ilibebwa na fremu za magurudumu, na kila fremu ilikuwa na mota za umeme na ekseli za chuma zinazounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Mashine nyingine pia zilifungwa chini. Sakafu ilibidi ipite juu ya vitu vyote hivi.

Mafundi wa Grenoble walifanya mambo matatu. Kwanza, mashine walizoweza kuzihamisha walizipeleka juu ya paa. Pili, mota waliziacha katika fremu za ncha mbili za gari, na hapo ndani sakafu ikabaki juu, ikifikiwa kwa vidato. Tatu, na hili ndilo lililokuwa gumu, fremu ya katikati, isiyokuwa na mota, waliipa ekseli iliyopindwa kwenda chini, ili njia ya abiria ipite juu yake bila kunyanyuka. Matokeo yake ni kwamba kama theluthi mbili ya sakafu ilikuwa sentimita 34.5 tu juu ya reli, na milango yote ya abiria ilifungukia sehemu hiyo. Mlangoni kulikuwa na kibamba kilichoweza kusogezwa nje ili kuziba mwanya kati ya gari na jukwaa. Jukwaa nalo lilijengwa kwa kimo kinachokaribiana na sakafu.

Sasa mtu mwenye kiti cha magurudumu aliweza kuingia peke yake, bila kubebwa na bila kuomba. Jambo la kuzingatia ni kwamba wengine wote nao walifaidika. Mlango usio na ngazi hupitisha watu upesi, na gari likikaa kituoni muda mfupi, safari nzima hufupika. Kilichodaiwa na wachache kikawa raha ya wengi. Hata Nantes ilijirekebisha: kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 magari yake yalikatwa katikati na kuongezewa kipande kipya chenye sakafu ya chini.

Hatua iliyofuata ilikuwa kushusha sakafu yote, kutoka ncha hadi ncha. Mwaka 1990 kampuni ya MAN ya Ujerumani ilitoa gari la majaribio la namna hiyo kwa mji wa Bremen. Mwaka 1994 Strasbourg, chini ya meya Catherine Trautmann, ilizindua tramu ya vioo vikubwa na sakafu tambarare iitwayo Eurotram, ambayo baadaye ilifika pia Milano nchini Italia na Porto nchini Ureno.

Kutoka gari la mji mmoja hadi gari la kuuza

Hapa historia yetu inageuka kutoka barabarani na kuingia sokoni. TFS iliitwa sanifu, lakini ilinunuliwa na mitandao minne tu, ya Nantes, Grenoble, eneo la Paris na Rouen, yote ikiwa ndani ya Ufaransa. Tena Strasbourg, mji wa Ufaransa, ilikwenda kununua magari yaliyoundwa Uingereza katika viwanda vya ABB. Kampuni ya GEC Alsthom, ambayo mwaka 1998 ilianza kuitwa Alstom, ililazimika kutafakari. Kila mji ulitaka gari la urefu wake na sura yake, lakini kuchora gari upya kwa kila mji ni gharama ambayo wanunuzi wachache wanaweza kuibeba.

Jibu lao lilikuwa Citadis, aina iliyobuniwa katika miaka ya 1990 na kuundwa hasa katika kiwanda kilicho karibu na La Rochelle, magharibi mwa Ufaransa. Citadis si gari moja. Ni jamii ya magari yanayojengwa kwa vipande vinavyoungana, na mji hupewa vipande vingi au vichache kadiri ya mahitaji yake.

Walimu wa sarufi watafurahia namna majina ya jamii hii yalivyopangwa, kwani yanafanana na viambishi vya vitenzi vyetu. Mwanzo wa namba huonyesha urefu kwa makadirio: 20 ni mita kama 20, 30 ni mita kama 30, na 40 ni mita kama 40. Tarakimu ya mwisho huonyesha sakafu: 1 ni gari lenye sakafu ya chini kwa sehemu, na 2 ni gari lenye sakafu ya chini kote. Kwa hiyo Citadis 301 ni gari la mita kama 30 ambalo ncha zake zimenyanyuka, na Citadis 402 ni la mita kama 40 lililo tambarare lote. Mzizi ni mmoja, maana hubadilika kwa viambishi.

Citadis ya kwanza ilianza kazi Montpellier mwaka 2000, ikiwa na rangi ya buluu na picha za mbayuwayu weupe, ubunifu wa Elizabeth Garouste na Mattia Bonetti. Muda si mrefu abiria walizidi, na magari hayo yakaongezewa vipande, 301 ikawa 401. Orléans na Lyon zilifuata. Lyon, mji uliojulikana kwa hariri, ilipewa gari ambalo uso wake unakumbusha kiwavi wa hariri. Reims, mji wa mvinyo wa shampeni, ilipata mwaka 2011 gari lenye pua ya mfano wa bilauri ya kinywaji hicho. Ndani ni mashine zilezile, nje ni uso wa mji.

Tusidhani kwamba njia ilikuwa nyoofu kwa kila mtengenezaji. Siemens ya Ujerumani nayo ilikuwa na tramu ya vipande, Combino, yenye sakafu ya chini kote, iliyouzwa hadi Amsterdam, Melbourne na Hiroshima. Mwaka 2004 iligunduliwa kwamba viungo vya mwili wake wa alumini vilichoka na kupata nyufa kabla ya wakati. Katika gari la aina hii fremu za magurudumu hazizunguki kwa uhuru chini ya behewa, na kila kona huukamua mwili wa gari kwa nguvu ambayo wachoraji hawakuikadiria vya kutosha. Magari yaliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 120,000 yaliondolewa barabarani kwa muda, na mamia ya mengine yakahitaji matengenezo yaliyoigharimu kampuni fedha nyingi. Hapo wanunuzi walijifunza kwamba kushusha sakafu si kuondoa ngazi tu. Ni kubadilisha namna gari zima linavyobeba uzito wake.

Safari ya ng'ambo

Melbourne, Australia, ilipokea Citadis 36 za aina ya 202 kuanzia mwaka 2001. Mwaka 2004 Dublin ilifungua tramu zake mpya, na Barcelona pia, zote zikitumia Citadis. Katika Dublin abiria walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na magari ya mita 30 yakarefushwa kufikia mita 40.

Kwa msomaji wa Afrika, sura muhimu zaidi ni ya kaskazini mwa bara letu. Tunis, iliyokuwa na reli nyepesi ya zamani zaidi, iliongeza Citadis mwaka 2007. Mei 2011 Algiers ilifungua njia yake, na mwezi huohuo Rabat na Salé, miji miwili inayotazamana ng'ambo ya mto Bou Regreg, iliunganishwa kwa tramu inayovuka juu ya daraja jipya la Hassan II. Desemba 2012 ikawa zamu ya Casablanca, kwa njia ya kilomita 31. Huko magari mawili ya Citadis 302 hufungwa pamoja, na msafara mmoja ukawa na urefu wa zaidi ya mita 60, wote wenye sakafu tambarare. Oran na Constantine zilifuata mwaka 2013. Algeria ilikwenda mbele zaidi kwa kuanzisha kiwanda cha kuunganisha magari haya mjini Annaba, chini ya kampuni ya ubia iitwayo Cital. Hilo ni jambo la kutazamwa, kwa kuwa anayeunganisha gari ndiye anayejua kulifungua likiharibika.

Mashariki zaidi iko Dubai, ambako wengi wa jamaa zetu huenda kufanya biashara na kazi. Tramu ya huko, Citadis 402, ilianza Novemba 2014 kwa magari 11 na njia ya kilomita zaidi ya 10. Haina nyaya za juu hata kidogo. Umeme wake hutoka katika reli ya tatu iliyolazwa ardhini na kukatwa vipande, na kila kipande hupata umeme pale tu gari linapokuwa juu yake, hivyo mtu anaweza kuikanyaga bila hatari gari likishapita. Mfumo huu ulianza Bordeaux mwaka 2003, kwa sababu wenye mji hawakutaka nyaya zifunike majengo yao ya kale. Siku za mwanzo uliharibika mara kwa mara, hata watu wakaukatia tamaa, kabla haujatengemaa. Dubai iliununua baada ya Bordeaux kuteseka nao. Ndivyo biashara ya nje ilivyo: mnunuzi wa kwanza hulipa kwa fedha na kwa subira, wanaofuata hulipa kwa fedha peke yake.

Hadi sasa Citadis zilizoagizwa ni zaidi ya 2,500, kwa zaidi ya miji 50. Mwaka 2021 Alstom iliinunua idara ya reli ya kampuni ya Bombardier, ambayo nayo ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa tramu za sakafu ya chini. Washindani wa jana wakawa nyumba moja.

Kisicholetwa na meli

Tukiishia hapo, msomaji atadhani kwamba kila mji ulionunua sakafu ya chini ulipata kile Grenoble ilichopata. Sivyo.

Chukua mfano wa Melbourne. Mji huo una mmoja wa mitandao mikubwa kabisa ya tramu duniani, na una magari ya sakafu ya chini tangu mwaka 2001. Lakini vituo vyake vingi ni vya zamani: abiria hushuka katikati ya barabara, kwenye lami tupu. Gari limeshushwa, jukwaa halikunyanyuliwa. Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa jimbo la Victoria alitoa taarifa kwamba katika mwaka wa 2018 hadi 2019, ni asilimia 15 tu ya huduma za tramu zilizokutanisha gari la sakafu ya chini na kituo chenye jukwaa la kimo chake. Nusu ya kazi ilinunuliwa, nusu iliyobaki ilingoja miaka mingi.

Mfano wa pili uko jirani na sisi. Mwaka 2015 Addis Ababa ilifungua njia mbili za reli nyepesi, zenye jumla ya kilomita zaidi ya 30, kwa magari 41 yaliyoundwa Changchun, China, yenye sakafu ya chini kwa kiasi cha asilimia 70. Ujenzi uligharimu dola za Marekani milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki ya China ya mauzo ya nje. Ilikuwa fahari kwa Afrika nzima, na nauli ilikuwa ndogo kiasi kwamba mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Lakini miaka michache baadaye magari mengi yalikuwa yamesimama karakanani kwa kukosa vipuri, na yaliyobaki yalijaa kupita kiasi. Tena baadhi ya vituo viko juu ya madaraja. Lifti isipofanya kazi, abiria mwenye magongo hukutana na ngazi ileile iliyoondolewa garini, safari hii ikiwa ndefu zaidi na iko nje.

Hatusemi haya kuilaumu Melbourne wala Addis Ababa. Tunayasema kwa kuwa yanatimiza hoja yetu. Katika Grenoble, waliodai sakafu ya chini walikuwa wakazi wa mji, na walibaki pale baada ya uzinduzi kuangalia kama kibamba cha mlango kinafanya kazi na kama jukwaa linafikika. Gari likisafirishwa, wao hawasafirishwi nalo. Kila mji unahitaji watu wake wa namna hiyo. Mhenga alisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu haponyi nyumba ambayo mlango wake haukutengenezwa, wala hakai katika nyumba isiyokuwa na chakula chake, yaani vipuri na mafundi.

Hitimisho

Nchi zetu zimekwisha kukubali kanuni hii kwa maandishi. Kenya, Uganda na Rwanda ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Mkataba huo unataja usafiri waziwazi. Kwa vitendo, Dar es Salaam ilianzisha mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka, na ikaifuata njia iliyo kinyume na ya Grenoble lakini yenye shabaha moja: badala ya kuishusha sakafu ya gari, iliinyanyua sakafu ya kituo hadi zikalingana. Hili latufundisha kwamba si lazima kununua tramu ili kuondoa ngazi. Lililo lazima ni kuamua, kabla ya kuchora chochote, nani asiachwe nje.

Kwa upande wetu sisi wa lugha, ipo kazi pia. Vyombo hivi vinapokaribia miji yetu, tutahitaji maneno ya kuvielezea ili mwananchi aweze kuvidai na kuvilalamikia kwa lugha yake. Makala haya yametumia "sakafu ya chini", "jukwaa la kituo", "fremu ya magurudumu" na "kibamba cha mlango". Huenda wasomaji wetu wana maneno bora zaidi, au wamesikia mafundi wa reli na wa mabasi wakiyaita vitu hivi kwa majina yao. Wanafunzi wa mwaka wa pili na wa tatu wanaweza kwenda stendini na karakanani, wakasikiliza na kuandika, kabla kamati hazijatuundia istilahi mezani.

Na kile kitenzi tulichoanza nacho? Abiria wa Grenoble hakuacha kusema monter, ingawa hapandi tena kitu chochote. Yamkini nasi tutaendelea kusema tunapanda, hata siku tutakapokuwa tunaingia tu. Hilo halina ubaya. Ubaya ni kuendelea kukisema huku yupo mwenzetu kituoni ambaye kwake neno hilo lina maana yake kamili, na limemshinda.